Mama Blanketi na Mume Wangu

Kama unatafuta mtu wa kumsifia Mama Blanketi, umekosea mlango. Wa kumsifia wapo tele. Kila anayepanda ule mji wa mlimani msimu wa baridi, akalala kwake siku mbili tatu na kuliangalia ziwa, anarudi mdomo mtamu: Mama Blanketi hivi, Mama Blanketi vile, supu yake, mashuka yake, anakuletea blanketi la pili kabla hujaomba. Wifi yangu hajafika huko hata siku moja, lakini ananihadithia mimi niliyekaa. Basi nami nitamweleza huyo mwanamke, maana ninamjua. Ila nitamweleza nilivyomwona mimi, na mimi nilimwona kwa jicho la mtu aliyekwenda na mume wake.

Ni mwanamke wa makamo. Amenipita kidogo kwa urefu, nimempita kidogo kwa umri. Mnene wa kiasi, anavaa sweta la kijivu lililolegea mifuko kwa sababu ya vibanio vya nguo anavyovijaza humo, na soksi za kiume mpaka magotini. Ukimwona kwa nyuma humdhanii kitu. Akigeuka ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu ana mwanya. Si mwanya wa kutafuta kwa tochi, umekaa pale katikati ya meno ya mbele, na kila akisema neno unauona. Na hasemi hivihivi kama mimi na wewe. Anakuja mpaka mbele yako, anakutazama usoni, anangoja umtazame, ndipo anafungua mdomo na kutoa neno moja moja, taratibu, bila haraka yoyote. Mimi jino langu la mbele limekatika pembe kwa kukata uzi, na nimezoea kucheka huku nimefumba mdomo. Nadhani umeanza kunielewa.

Mimi ni fundi cherehani, na mume wangu alikuwa fundi bati. Maisha yetu yote ya ndoa tumeishi kwenye nyumba ile ile, yeye uani anagonga masanduku, makarai na mifereji ya paa, mimi dirishani nashona, tunapigiana kelele. Asubuhi nyundo, mchana nyundo, jioni nyundo. Wateja walikuwa wakituuliza tunasikilizana vipi humo ndani, naye alikuwa akiwajibu kwamba siri ya ndoa yetu ndiyo hiyo, hatusikilizani. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa maneno. Sura yake ilikuwa ya kawaida tu, tena ya kawaida sana. Mimi nilimpendea mdomo.

Sasa mtu huyohuyo, tangu alipoweka nyundo chini, akanyamaza. Hakunyamaza kwa siku moja. Alipungua kidogo kidogo mpaka nikabaki najisemesha. Unamwambia jirani kafiwa, anatikisa kichwa. Unamuuliza mchuzi umekolea chumvi, anasema sawa. Unamwambia paa linavuja, paa, kazi yake mwenyewe, anasema sawa. Nikaamua kununa. Nikanuna wiki nzima na yeye hata hakujua kama nimenuna, akawa ananiletea chai kama kawaida na kukaa kwenye kile kigoda chake nyuma yangu. Hebu fikiria, umenuna kwa bidii zote na mtu anakuletea chai.

Hapo ndipo binti yetu, aliyeolewa mji mwingine na aliyekuwa anakaribia kujifungua, aliponipigia simu kuniomba nikahamie kwake. Hakuniomba nikamwogeshe mtoto kisha nirudi. Nihame kabisa, na cherehani yangu, nikae. Nilipomuuliza habari za baba yake alisema baba anajiweza. Jioni ile nilikuwa napiga pindo la sare za shule, nikamwambia mume wangu kwamba mwanao anataka nikahamie kwake moja kwa moja, unasemaje? Alikuwa nyuma yangu na kikombe chake. Akasema, sawa. Nikasikia anapuliza chai.

Sawa! Umekaa na mtu mpaka mvi zimekuota ukiwa kwake, na anakuachia uende kwa neno lile lile analokubalia sukari. Sikugeuka. Nilimaliza pindo, nikafunika cherehani, nikaenda kulala.

Binti hakujua hilo. Alichoona yeye ni kwamba wazee wake wamechoka, basi akatulipia wiki moja kule mlimani, kwenye nyumba ya wageni ambayo wenzake kazini walikuwa wakiisifu. Msimu wa baridi hakuna watu, akasema, mtalala mpaka mchoke, mtaangalia maji, mkirudi mama atafunga virago aje. Nilikubali kwa sababu yangu mwenyewe. Nilijiambia, wiki nzima, watu wawili, hakuna nyundo wala cherehani. Kama huko hatanizuia, basi hatanizuia popote, na siku ya kupanda basi la kurudi nitakuwa nimeshaondoka kwake ingawa tumekaa kiti kimoja.

Mji wenyewe umejipachika ubavuni mwa mlima, nyumba juu ya nyumba, na chini kabisa ziwa. Barabara ni ngazi za mawe kuliko barabara. Msimu ule ukungu unakaa juu ya maji mpaka karibu adhuhuri, unasikia makasia ya mtu usiyemwona. Nilimwambia mume wangu asikilize makasia, akatikisa kichwa. Wenye maduka wanafungua wakijisikia na kufunga wakisikia baridi, na hakuna anayekwenda mahali kwa haraka, kwa sababu hakuna mahali pa kwenda. Kwa mtu aliyetaka kupumzika ilikuwa peponi. Mimi nilikuwa na shughuli nyingine kichwani.

Mama Blanketi alitupokea mlangoni. Mimi alinisalimia vizuri tu, karibu dada, poleni na baridi. Akamsalimia na mume wangu, ambaye alikuwa ameinama anafungua kamba ya sanduku letu, na mume wangu hakuitika. Mwenyeji mwingine angerudia kwa sauti au angesusa. Huyu alimzunguka, akamgusa mkono, mkono wa mume wangu, akangoja ainue uso, ndipo akasema, kaka, karibu, hilo sanduku umelitengeneza mwenyewe? Na bwana yule, bwana sawa, akasema, umejuaje? Akaanza kumweleza jinsi kona za bati zinavyokunjwa bila kuchomelea. Palepale mlangoni, mimi nimekumbatia mito, baridi inanikata masikio. Tena anamwita kaka. Nikajiuliza hawa wamezaliwa tumbo moja lini.

Jioni ndiyo ilikuwa balaa. Wageni tulikuwa sisi tu. Umeme huko juu hukatika ovyo msimu wa baridi, kwa hiyo chumba cha kulia kilikuwa na taa ya mafuta katikati ya meza. Mama Blanketi alipoweka supu, aliichukua ile taa akaisogeza mpaka mbele ya kiti alichokalia yeye, mkabala na mume wangu, na mwanga wote ukamwangukia usoni. Mimi nikaachwa gizani natafuta kijiko kwa kupapasa. Kisha akagonga meza kwa vidole viwili, ko ko. Mume wangu akainua macho, na maongezi yakaanza.

Sikiliza, mimi nimewavalisha maharusi wengi, na nimewavalisha rafiki za maharusi waliotamani kuwa wao. Mwanamke anayejiweka kwenye mwanga ili aonekane simhitaji mtu kunionyesha. Nilikula supu yangu, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa tamu, nikawatazama. Akiongea anaweka kijiko chini. Akitaka kucheka anacheka kwanza, ndipo anasema. Na mume wangu macho hayambanduki mdomoni. Mdomoni! Hata mara moja hakutazama mahali pengine.

Kesho yake ikawa hivyo, na kesho kutwa. Kabla Mama Blanketi hajaingia chumbani tulimokaa alikuwa akikanyaga sakafu ya mbao kwa kishindo, kumbe anaweza kutembea bila kishindo, nilimwona jikoni akitembea kama watu wengine. Kwetu anakanyaga, mume wangu anageuka mlangoni na uso umeshachanua kabla hajamwona. Mimi nikiingia hata shingo haisogei.

Kazi yake nilijaribu kuitia doa, sikuweza, na hilo nalo liliniuma. Anaamka kabla ya kuku, anawasha jiko la kuni, anafua mashuka kwa maji ya moto kwenye beseni kubwa la zege. Jua haliji, kwa hiyo anayaanika chini ya paa mpaka yakaribie kukauka, halafu anayamalizia kwa pasi ya mkaa. Mablanketi anayatundika karibu na bomba la jiko, na mgeni akipanda kulala analetewa likiwa bado lina moto. Jina lake limetoka hapo. Alizaliwa katika nyumba hiyohiyo, chumba cha uani, mama yake akiwa dobi wa wenye nyumba wa zamani. Akarithi beseni, mwisho akarithi na wageni. Mume alikuwa naye. Alivuka ziwa kwenda kutafuta kazi, akaipata, akapata na nyumba nyingine ya kulala. Hayo aliyasimulia mezani akicheka na mwanya wake, na mume wangu akacheka naye. Mimi sikuona cha kuchekesha. Niliona mwanamke asiye na mume na nyumba yenye joto.

Siku iliyonimaliza ni ile mume wangu aliposimulia habari za sanduku. Zamani, kabla hatujaoana, mteja mmoja alimwagiza sanduku kubwa kuliko yote, akamwambia aje alitengenezee ndani kwake kwa kuogopa wezi wa bati. Mume wangu akaingia na mabati, akagonga siku kadhaa, akamaliza, sanduku likang'aa. Kulitoa, halipiti mlangoni. Mteja akalifanya kitanda, na mke wa mteja alimnunia mume wangu mpaka kufa kwake. Hiyo hadithi ni yangu. Ndiyo aliyonipa siku ya kwanza alipokuja kupimwa suruali, nikacheka mpaka nikampima mguu mmoja mara mbili na mwingine nikausahau. Mwenyewe niliishona suruali ile miguu isiyolingana, na akaivaa. Na sasa anaitoa mezani, kwa mwenye mwanya, na taa.

Nikamlipizia kwenye mapazia. Mapazia ya chumba chetu yalikuwa mafupi vidole vinne kutoka sakafuni, na pindo limeshonwa ovyo kwa mkono. Nilimwambia mapazia yako yamekatwa na mtu aliyekuwa anakimbizwa. Nilitaka akasirike. Alikuja mbele yangu, akacheka, akasema aliyakata mwenyewe, na kama ninaweza kuyaokoa atashukuru. Sasa utamwambia nini mtu kama huyo? Nikayashusha. Pini zangu sisafiri bila, na kitambaa cha kuongezea alinipa. Ikawa kila asubuhi nakaa kwenye dirisha la chumba cha mbele, pini mdomoni, mgongo kwa chumba, nafumua na kupiga pindo upya, na mume wangu nyuma yangu karibu na jiko na chai yake. Nilimsemesha kama ninavyomsemesha siku zote, kupitia kwenye pini. Habari za ukungu, habari za mtoto atakayezaliwa, vijembe viwili vitatu kuhusu watu wanaojiweka kwenye mwanga. Sawa, sawa. Mara kishindo mlangoni, na bwana anafufuka.

Siku ya kuamkia kuondoka nilimchukua tukashuka zile ngazi mpaka ziwani. Nilitaka tuwe peke yetu. Pale chini kuna benchi la mbao linalotazama maji. Tukakaa bega kwa bega, blanketi moja magotini, ukungu umeanza kuinuka na upande wa pili unaonekana kwa mbali. Nikayatazama maji, nikasema yote. Nikasema, kesho tunarudi, na nikirudi nakwenda kwa mwanao, sirudi tena. Nikasema, kama unataka nibaki, sema. Neno moja tu linanitosha, sitaki hotuba. Nikasema hata lile ambalo sikukusudia, kwamba siku hizi nimekuwa mpweke kuliko mjane.

Niligeuza macho kidogo nikamwona anatazama maji na uso umetulia, ameridhika kabisa. Nimemtolea moyo wangu mezani na yeye anafaidi mandhari.

Kisha Mama Blanketi akashuka ngazi na chupa ya chai, kana kwamba kuna mtu aliyemwita. Akapita mbele ya benchi, akasimama kati ya mume wangu na ziwa, akainama kidogo, akamuuliza kama miguu imepata baridi. Na mume wangu akajibu, tena kwa maneno marefu, kwamba miguu ya fundi bati haina habari na baridi, imezoea kukanyaga mabati ya asubuhi, ila huyu hapa mke wangu ndiye wa kufunikwa. Akanivutia blanketi. Nililirusha. Nilipanda zile ngazi peke yangu bila kupumzika, na mimi na ngazi hatupatani.

Nilimngoja Mama Blanketi arudi. Nilimfuata kwenye chumba cha mashuka, chumba chembamba chenye rafu mpaka darini, dirisha dogo moja na bomba la jiko linalopita ukutani. Alikuwa anakunja. Nilifunga mlango nyuma yangu.

"Unamtaka mume wangu?" nikamuuliza.

Aliweka shuka chini. Hakukasirika, na hakuonyesha kushangaa sana. Akanisogelea mpaka tukawa wote wawili kwenye mwanga wa dirisha, akanitazama usoni vilevile anavyomtazama yeye. "Dada," akasema, "mumeo hasikii."

"Hanisikii mimi. Wewe anakusikia vizuri."

"Hanisikii. Ananisoma mdomo."

Nilicheka. Nilimwambia asinifanye mtoto, kwamba mtu huyo nimekaa naye tangu ana nywele, ningekuwa sijui? Akaniambia kwa upole kwamba hata yeye alidhani ninajua. Mama yake, yule dobi, alikuwa kiziwi tangu utotoni. Katika nyumba hiyo alijifunza kusema kwa namna hiyo moja: unakanyaga sakafu au unagonga meza ajue uko, unaweka mwanga usoni mwako, unangoja macho, ndipo unasema. Mama alikufa, yeye akabaki anasema na watu wote hivyo, hajui namna nyingine. Siku ya kwanza mlangoni aliona salamu yake imepita juu ya kichwa cha mume wangu, akajua. Siku ya pili alimuuliza.

"Akasemaje?"

"Akakubali. Masikio yalianza kumwacha zamani, kwa nyundo. Akaniomba nisikwambie."

Nikamuuliza kwa nini. Sauti ilinitoka ndogo. Nilifikiri atasema aibu, au ubishi wa kiume.

"Alisema ukijua utaacha kumsemesha," akasema Mama Blanketi. "Alisema bado unamsemesha kila siku ukiwa unashona. Hasikii hata neno. Lakini anakaa nyuma yako anatazama mabega yako, yanacheza ukiongea. Alisema hicho ndicho kilichobaki na hataki kipotee."

Watu husema, Mama Blanketi ana roho nzuri. Labda. Mimi nitakwambia nilichosikia pale, na si shukrani. Ningewakuta wameshikana mikono ningejua la kufanya, mkasi nilikuwa nao. Lakini mwanamke huyu alimkuta mume wangu mlangoni, ameinamia kamba, na kabla kamba haijafunguka akajua kitu ambacho mimi sikukijua nikiwa naye nyumba moja, kitanda kimoja. Amepewa siri. Ameambiwa habari za mabega yangu, yangu mimi, na mimi sijaambiwa. Wivu haukuniondoka hata chembe. Ulihama tu kutoka kwenye mwanya wake, ukaja kukaa mahali ambapo siwezi kuufikia.

Nilikwenda chumba cha mbele nikakaa dirishani na pazia la mwisho. Nilichukua pini, nikazipanga mdomoni kwa mazoea, na hapo nikasita. Nilizitoa moja moja nikazichomeka kwenye kifua cha gauni. Pazia lile sikulimaliza siku hiyo. Nilikaa natazama dirisha mpaka kioo kikageuka cheusi na nikaanza kujiona mwenyewe humo, chumba kikiwa nyuma yangu na kiti cha mume wangu kitupu kando ya jiko.

Jioni tulikaa mezani kama siku nyingine. Mama Blanketi aliingia na supu, akaiweka, akanyoosha mkono kwenye taa. Nilimwahi. Niliinuka nikaichukua ile taa, nikaiweka mbele yangu mimi, karibu mpaka nikasikia joto kidevuni. Nikahamisha kiti nikakaa mkabala na mume wangu. Mama Blanketi alisimama kidogo, mikono kwenye mifuko ya sweta. Kisha akarudi jikoni, na safari hii hakukanyaga kwa kishindo.

Nikagonga meza kwa vidole viwili.

Mume wangu alitazama mlangoni kwanza. Kwa mazoea, alimtazamia yeye. Hilo sitalisahau na sitaki kulisahau. Hakumwona, akageuza macho akanikuta mimi, na taa.

Sikufumba mdomo. "Mwanao anataka nikahamie kwake," nikasema, polepole, neno moja moja. "Moja kwa moja. Unasemaje?"

Alinitazama mdomoni. Nikaona anayafuata maneno mpaka la mwisho, halafu nikaona anaelewa na lile jingine, kwamba nimejua. Masikio yakamwiva. Alitazama upande wa jikoni, akarudisha macho upesi, akiogopa yasije yakampita mengine.

"Ni lini amesema hivyo?" akauliza.

"Nilishakuuliza. Nikiwa napiga pindo la zile sare. Ulisema sawa."

Aliweka kijiko. Mikono yake ile iliyojaa makovu ya bati akaibana katikati ya magoti.

"Usiende," akasema.

Aliisema kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia, na jikoni sufuria zikanyamaza. Nilitaka kumjibu kwamba siendi. Nikatikisa kichwa tu, zamu yangu. Lakini macho yake yalikuwa hayajaondoka mdomoni mwangu. Akaivuta taa upande kidogo apate kuona vizuri, na mimi nikataka kuufumba mdomo kama kawaida yangu, nikajizuia.

"Hilo jino," akasema. "Limekatika lini?"

"Zamani," nikasema. "Nilikwambia."

Akavuta kiti chake karibu na meza, akaegemea viwiko, uso wake ukaingia kwenye mwanga.

"Niambie tena."